Mla Memori wa Mashine Yetu ya Mpunga

Nichekeni tu, jamani. Natunza kompyuta ya mizani kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Kibaoni. Ilikuwa inaganda kila siku, nami nikamwambia bosi, Mama Neema, kwamba programu ya Dada Rehema, karani wa mizani, inamaliza memori. Ikithibitika, Rehema angerudishwa kushona viroba.

Kiini cha mfumo wetu, yaani programu ya ndani inayoendesha kompyuta nzima, ni cha zamani, hakihesabu kila programu inakula memori kiasi gani. Kipya kinahesabu, ila hakielewani na mizani. Basi nikachukua sehemu ile ya kuhesabu kutoka kiini kipya, nikaipandikiza kwenye kile cha zamani. Mimi, niliyeishia kidato cha pili! Jana kikawaka, mizani ikasoma. Wakulima wa kijiji cha Mbingu, waliokuwa wakisubiri kupima mpunga, wakapiga makofi.

Nikawageuzia skrini. "Mwizi huyu hapa, mchana kweupe!"

"Soma kwa sauti, fundi," akasema Mama Neema.

Kwenye orodha ya walaji memori, programu ya Rehema ilikuwa ya mwisho kabisa. Ya kwanza ulikuwa mchezo wangu wa mpira, ambao sijawahi kuuzima tangu niuweke.

"Hongera, mdogo wangu," Rehema akasema. "Inahesabu vizuri sana."