Nilivyofeli practical ya network Kahama kwa kuchomoa waya, na nilivyorudi kuifanya

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenitokea mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na sehemu za aibu nimeziacha kama zilivyo.

Mimi ni mtu wa Masumbwe. Nimefanya kazi duarani miaka minne, yaani kushuka shimoni kuchimba dhahabu. Kaka yangu tulimzika baada ya shimo kutitia. Tangu hapo mama hali chakula mpaka anione nimerudi.

Nikaanza kujifunza kufunga internet mtaani. Kwa mafundi wa huku dawa ni moja tu: zima, washa. Msicheke, inasaidia kuliko mnavyodhani.

Nikafunga wifi kwenye plant moja ya kuchenjua dhahabu Runzewe, meneja akanielewa. Akasema nafasi ya network technician ipo, ila wakubwa wake wanataka cheti cha professional. Atanisubiri mpaka mpunga uvunwe. Nikikosa, narudi duarani, maana vibarua vya wifi ni vya kubahatisha.

Nikajiandikisha kozi ya network kwenye chuo kimoja Kahama.

Theory nilipita. Ikaja practical: router moja, switch mbili, kompyuta sita, zote ziwasiliane. Nikamaliza wa kwanza, nikawa nawaangalia wenzangu kwa dharau kidogo. Kucheki tena, kompyuta moja haipati network.

Wakuu, mkono ulienda wenyewe. Nikachomoa waya wa umeme wa router, nikachomeka. Na config, yaani mipangilio yote niliyoiwekea, sikuwa nimesave. Ikawaka tupu kama imetoka dukani, na muda ukaniishia.

Mwalimu wetu, madam mmoja mpole, alikuwa nyuma yangu.

"Umezima kwa sababu umejua tatizo, au umechoka kulitafuta?"

Nilitamani ardhi ipasuke, na mimi najua vizuri ndani yake kukoje.

Akaniruhusu kurudia baada ya wiki tatu. Kila asubuhi lab aliharibu kitu kimoja makusudi, mimi nitafute, marufuku kugusa umeme. Siku za mwanzo nilikasirika mpaka natoka nje kunywa maji.

Siku ya kurudia, kompyuta moja ikagoma tena. Nikaweka mikono mapajani, nikasoma port za switch, yale matundu ya waya, moja moja kwenye skrini. Ya saba ilikuwa imewekwa kwenye kundi lisilo lake. Nikairekebisha, ikakubali. Nikasave mara mbili kwa woga.

Nimepita, wakuu. Jumatatu naanza kazi.

Somo nililopata: ufundi si kuwa na haraka ya mkono. Kaa na tatizo mpaka likuonyeshe lilipo.

Nilipompelekea mama cheti, mshahara hakuuliza.

"Duarani hurudi tena?"

"Sirudi, mama."

Akasema wabeja, ndiyo asante yetu Wasukuma. Akaingia chumbani kwangu, akatoka na buti zangu za shimoni, akaenda kuzitumbukiza chooni.

Buti nzima kabisa. Sikumzuia.

Mwenye mtihani kama huu mbele yake aulize hapo chini, nipo. Na waliowahi kujifutia kazi kwa mkono wao wenyewe, semeni nisione aibu peke yangu.