Kitambaa cha Shemeji

Kabla hujamsalimia, utaiona pua yake imekunjwa, kama ya mtu aliyefunua sufuria akakuta mchuzi wa juzi. Gereji nzima inamwita mwanamke huyu Fundi Pua, naye huitika. Kazi yake ni kuandaa plastiki za magari kabla hazijapakwa rangi: bampa, kava za vioo vya pembeni, vishikio vya milango. Miaka tisa amesugua wadudu waliokaukia, chingamu na vinyesi vya ndege, na hajavizoea. Ila kinachomchefua roho zaidi ni yale mafuta ambayo wenye magari hupaka plastiki zao ili ziwake kama kipara. Ukitanguliza msasa kabla ya sabuni, unayasukuma ndani, na rangi haishiki.

Mwezi huo bampa mbili zilirudishwa, rangi imebabuka. Mpuliza rangi, mume wa dada yake, hakupepesa macho.

"Shemeji siku hizi hasugui, bosi. Ananusa tu."

Mafundi wakaangua kicheko. Mwenye gereji hakucheka. "Ikirudi ya tatu, Fundi Pua, utakwenda kunusa kwingine."

Kazi iliyofuata ilikuwa bampa ya gari la mkunga mmoja. Aliiosha mara mbili kwa sabuni na maji ya moto, akaipiga msasa laini mpaka ikapauka kama chaki, akaiosha tena. Kisha akaimiminia maji safi. Yakatandaa kama shuka, hayakukatika popote. Hapo akajua imetakata, akaiacha ikauke, akaenda kunawa.

Aliporudi, alimkuta shemeji yake ameiinamia, anaipangusa vumbi. Kitambaa kile alikifahamu. Asubuhi kilifuta midomo iliyotoka kula mayai ya kukaanga, kikapita kwapani, kisha kikang'arisha dashibodi ya teksi kwa yale yale mafuta.

"Shemeji, hicho kitambaa umekitoa wapi?"

"Mfukoni. Ulitaka nikitoe peponi?"

"Kinanuka beberu!"

"Beberu huyu ndiye anayemlisha dada yako."

Fundi Pua alimwita mwenye gereji, akachota kopo la maji, akaimwagia bampa mbele ya macho yake. Upande mmoja maji yalitandaa. Upande uliopanguswa yalijikunyata yakawa vitone, vikakimbizana, na njia ya kitambaa ikaonekana wazi toka mwanzo hadi mwisho. Mwenye gereji alikichukua kitambaa, akakinusa, akakitupa kama aliyeshika panya mfu.

"Hiki ndicho unachopangusia kazi zangu zote?"

"Kitambaa ni kitambaa, bosi."

"Toka hapa! Kesho mashine huigusi." Akamgeukia Fundi Pua. "Osha upya. Kesho utaipulizia mwenyewe. Ila ikirudi, neno langu ni lile lile."

Miaka tisa, na hakuna aliyewahi kumkabidhi mashine ya rangi.

Asubuhi alifika kabla geti halijafunguliwa. Bampa ilikuwa imening'inia kwenye waya, kavu, haina hata alama ya kidole. Alivaa barakoa, akakoroga rangi ya kwanza, akawasha kompresa. Shemeji yake alichungulia mlangoni, mikono nyuma.

"Nikusaidie kupangusa, shemeji?"

"Ukiigusa, nakupaka wewe."

Mshale wa kipimo cha upepo kwenye kompresa ulikuwa unapanda polepole. Alishika mashine kwa mikono miwili, macho kwenye mshale. Bado kidogo tu, upepo utoshe kupulizia.