Kopo la Halua Lenye Jina la Bibi

Nakusanya sarafu. Najua mtu wa miaka kumi na sita anatakiwa akusanye vitu vya maana, kama alama za hesabu, lakini alama za hesabu hazijawahi kupita mtaa wetu, basi nakusanya sarafu.

Wakusanyaji wa nchi nyengine wana raha zao. Nawaona kwenye simu. Wanakwenda benki, wanapewa misokoto, yaani sarafu zilizofungwa kwa karatasi kama biskuti, wanaifungua nyumbani, wanatoa za zamani, zilizobaki wanarudisha. Mimi nilikwenda benki, mtaa wa Khuwair ya Kusini, mara tatu, na baba pembeni ili nionekane mtu mwenye akili. Mara ya kwanza tuliambiwa hakuna. Mara ya pili tuliambiwa wanapewa wenye maduka. Mara ya tatu yule dada wa kaunta aliniona mlangoni tu akatikisa kichwa, hata tiketi ya foleni sijachukua.

"Unazitakia nini khasa?" aliniuliza.

"Nataka kuzitazama."

Akamtazama baba. Baba akatazama dari.

Basi ikabidi nijitafutie. Kazi ngumu, maana siku hizi watu wanalipa kwa simu hata pakiti ya ubuyu, na wenye maduka wakikosa chenji wanakupa chingamu. Nimechokoa chini ya matakia ya makochi yote ya ukoo. Nimekagua mashine ya kufulia, gari la baba, na mikoba ya mashangazi, kwa ruhusa na bila ruhusa. Aliyenifaa kweli ni muuza karak, chai nzito ya maziwa na iliki, wa Ansab, jirani na kwa shangazi yangu. Ana bakuli la sarafu nyuma ya birika. Nampa noti, ananiachia bakuli nichambue huku yeye anakanda chapati, na kila mara ananiuliza kama nyumbani wanajua niko hapo.

Kwenye bakuli hilo ndiko nilikoipata baisa mia, sehemu ya kumi ya riali. Mia siku hizi ni noti, lakini iliwahi kutolewa mia ya sarafu, ya rangi mbili, katikati rangi ya dhahabu na ukingoni rangi ya fedha. Niliitafuta mwaka mzima. Nilipoiona nilipiga ukelele, chapati ikaanguka.

Sarafu zangu naziweka kwenye kopo la halua. Nyumba zote za huku zina makopo ya halua yasiyo na halua. Mna sindano, mna bizari, mna betri zilizokufa. Kaka zangu hawana adabu, wangezichukua. Kwa hiyo nililibandika karatasi kwa maandishi makubwa: SARAFU ZA BIBI, USIGUSE. Kwetu Hail mtu anaweza kugusa waya wa umeme lakini hagusi kitu cha bibi. Nikaliweka juu ya kabati la ukumbini, mbele ya macho ya watu, nikajiona mjanja.

Lililobaki kulisema ni hili: bibi alikuwa na kopo lake la kweli. Alikuwa akiweka sarafu kwa ajili ya hol-hol ya mtoto wa shangazi. Mtoto akitimiza mwaka anakalishwa katikati, watoto wengine wanamzunguka wakiimba, halafu anamiminiwa kichwani bisi, peremende na sarafu, na kila mmoja anaokota awezacho. Sasa mimi, nikijua kopo hilo lilipo, nilikuwa nazitoa zilizo nzuri, na machoni mwangu zote ni nzuri, naacha noti. Mimi si mwizi. Thamani ilikuwa ile ile, pengine nilizidisha.

Siku ya hol-hol, Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wengine tulitangulia Ansab. Bibi alikuja baadaye na baba. Alipofungua kopo lake nyumbani, alikuta noti tupu. Noti huwezi kummiminia mtoto kichwani, zinapeperuka kama risiti. Akatazama huku na huku, akaona juu ya kabati kopo jengine, lina jina lake, akalichukua.

Mimi sikujua lolote. Nilikuwa nimesimama na sahani ya sambusa, nawachekesha binamu zangu, nikamwona bibi anafungua kopo. Nikaiona karatasi yangu.

"Bibi! Hilo langu!"

"Lako vipi? Limeandikwa la bibi. Bibi ni mimi, au yupo mwengine nnayefichwa?"

"Nimeandika mimi!"

"Ahsante, mwanangu, umeandika vizuri," akasema, akamimina.

Nimeona mambo mengi mabaya, pamoja na matokeo yangu ya fizikia, lakini sijaona kama lile. Mwaka mzima wa kuchokoa makochi ulishuka juu ya kichwa cha mtoto mwenye meno mawili, ukagonga marumaru, ukatawanyika. Watoto kama ishirini wakaruka. Na mimi nikaruka. Nikatambaa na abaya langu kwenye bisi, nasukumwa na watu wa chekechea.

"Mtazameni huyu! Peremende hajawahi kuziona?" shangazi alipiga kelele, wote wakacheka.

Nyingi niliziokota. Ya rangi mbili niliiona ikizunguka kwa ukingo wake mpaka miguuni kwa binamu yangu wa miaka sita, asiye na meno ya mbele. Akaikanyaga kwanza, kisha akaiokota taratibu, kama askari.

"Nipe hiyo, nikupe nusu riali," nikamwambia.

"Thitaki karatathi."

Nikamgeukia bibi. Bibi alikuwa anampangusa mtoto bisi shingoni. "Cha hol-hol hakidaiwi," akasema. "Aliyeokota kaokota. Na wewe, tukifika nyumbani utanieleza zile noti."

Hapo nikajua kudai siwezi. Lakini hakuna aliyesema siwezi kumshawishi akaitumie. Ikishaingia kwenye droo ya duka, nitaiomba kama chenji, na sheria ya bibi haifiki dukani.

"Mbona huendi kununua chipsi?" nikamwambia binamu. "Mia inatosha."

Akanitazama kwa wasiwasi mkubwa. Lakini chipsi ni chipsi. Tukavuka barabara, mimi nimemshika mkono, mpole kuliko nilivyowahi kuwa.

Mwenye duka aliichukua, akaigeuza mara mbili, akairudisha kwenye kaunta. "Hii hapana. Hii si pesa. Leta nyengine."

Ni pesa, tena iliyo bora katika duka zima, lakini nilinyamaza. Nikalipa kwa noti yangu. Binamu akakumbatia pakiti yake, akaitazama sarafu pale kwenye kaunta kama mtu aliyeuziwa embe bovu.

"Chukua wewe," akasema. "Mbovu."

Nikaitia mfukoni. Ilikuwa yangu, nimepewa kwa kauli yake, mbele ya shahidi. Tukavuka tena. Alikuwa anatafuna chipsi kwa pembeni kwa sababu ya mapengo, na akanipa moja, kubwa, isiyovunjika. Tulipofika getini nikasema, na sijui nani alinituma:

"Si mbovu. Yule hajui tu. Ni nzuri kuliko zote zilizomwagwa leo."

Akasimama. "Bathi nirudishie."

Nikamrudishia. Akaikaza ngumini na mafuta ya chipsi, akafikiri hatua tatu nne.

"Kwetu itapotea," akasema. "Kaka zangu wezi. Niwekee kwako. Lakini yangu."

"Yako."

Bibi alinihoji njiani mpaka Hail, nikakiri, na adhabu yangu ni kumtafutia sarafu za hol-hol nyengine, ya mjukuu anayekuja. Muuza chai ameshaniandalia kiti.

Kopo sasa limeandikwa DAWA YA MINYOO, na halijaguswa na mtu. Binamu anakuja kila Ijumaa baada ya chakula, ananawa mikono kwa sababu nimemlazimisha, anafungua, anaitoa ya rangi mbili, anaigeuza pande zote.

"Bado yangu?"

"Bado yako."

Anairudisha, anafunika kopo mwenyewe.