Gari la Kimo cha Kitanda

Pazi hakuwahi kupenda magari. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo hapa Morogoro, na hadi leo akiona khanga ya zamani huishika pindo na kuangalia ilivyofumwa. Gari alilijenga kwa ajili ya mkewe, Mwanaheri, aliyevunjika nyonga. Dada yake Mwanaheri, Mwamvita, anaishi juu milimani na kwa uzee wake hashuki tena. Huko hupanda bodaboda na lori la ndizi tu. Kwenye bodaboda Mwanaheri hawezi kutanua miguu, na lori ni refu mno kwake. Teksi za mjini zikifika kwenye mawe hugeuza na kurudi. Miaka mitatu ndugu hao walisikiana kwa simu tu.

Mimi ni jirani yao hapa Bigwa. Pazi alinipa kazi ya kuandika vipimo, akisema mwandiko wangu unasomeka. Kipimo cha kwanza daftarini ni kimo cha kitanda chao, sentimita hamsini na mbili. Kwenye kimo hicho Mwanaheri hukaa na kuinuka bila kushikwa. Kiti cha gari hakikutakiwa kuzidi hapo.

Fremu aliiunga kwa mabomba ya mraba. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma alivipata Mikese, kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilichopinduka. Lakini injini ya kirikuu hukaa chini ya viti vya mbele. Alipoishusha kwa mnyororo na kuweka kiti juu yake, kiti kikawa kirefu kama meza.

Athanas, mchomeleaji wa Kihonda na mtani wake, alicheka. "Mwekee mama ngazi."

"Ngazi akapande mama yako."

"Mama yangu ameolewa na mwenye gari, mtani. Hajengewi kwa mabomba."

Pazi alikaa juu ya ndoo Jumamosi nzima. Jioni akaniambia niandike upya: injini na giaboksi vinarudi nyuma ya viti. Kwa hiyo propela, ile shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda ekseli ya nyuma, ilibidi ifupishwe. Aliipima gari likiwa juu ya matofali, Athanas akaikata na kuiunga.

Siku ya safari Mwanaheri alibeba chumvi, sukari na samaki wakavu. Hatukufika mbali. Kwenye shimo la kwanza nyuma kuligonga kwa kishindo, gari likasimama. Tulilisukuma hadi nyumbani naye akiwa ndani, ameshika mfuko wake mapajani. Alimpigia dada yake: "Leo siji." Mwamvita alikohoa muda mrefu kabla ya kujibu, na sote tulisikia.

Siku mbili Pazi alilala chini ya gari. Siku ya tatu akatoka na kujipiga paji la uso.

"Kiwandani shafti ukishaipima, imepimwa. Mashine haididimii ukiikalia. Hili lina springi! Watu wakipanda ekseli inasogea, propela inakosa nafasi, inagonga giaboksi." Kisha akamwita mkewe, "Mama Raya! Njoo nikupime."

"Unipime mimi au gunia?"

"Vyote viwili."

Tulimkalisha kitini, tukapakia magunia mawili ya mahindi, mimi nikakaa kwenye ubao kando ya injini. Pazi akaingia chini na futi.

"Mama, usipumue, utaharibu hesabu," Athanas akasema.

"Nisipumue, wewe mtani upate kula matangani kwangu?"

Futi ilionyesha tofauti ya sentimita mbili na nusu. Athanas aliikata propela tena, safari hii bila mzaha.

Ijumaa iliyofuata tulipanda. Kwenye mawe Pazi aliweka gia ya kwanza na kuzima redio, akisikiliza nyuma. Hakukugonga kitu. Mwamvita alikuwa amesimama, ameshika fremu ya mlango wake. Mwanaheri alishusha miguu, akasimama mwenyewe, akamwendea.

"Umenenepa," Mwamvita akasema.

"Nawe umefupika."

Wakacheka, kisha hawakucheka tena. Mwamvita alimshika mdogo wake mkono wa gauni, na alipoitikia shikamoo yangu alikuwa bado hajauachia.

Alasiri Pazi alipowasha gari, Mwanaheri hakutoka ndani. Mwamvita ndiye aliyetujia. "Shemeji, mwache kwanza. Tumeanza tu kuongea."

Pazi alitikisa kichwa kukubali. Aliniambia nihamie mbele. Tuliteremka taratibu, gari jepesi likirukaruka, naye akinieleza habari za king'ora cha saa nane, vumbi la pamba kwenye kope, na binti wa idara ya nyuzi aliyefunga fundo haraka kuliko wote, ambaye baadaye alimwoa. Habari hizo sikuwahi kuzisikia kwake.

Nilimwuliza atamfuata lini.

"Akiniita," akasema.