Mama Kopi na Neno "Uhalifu"

Kiwandani walimwita Mama Kopi, maana kila barua aliyoichapa alibaki na nakala yake, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna karatasi iliyompotea. Mumewe alizoea kumtania kwamba hata wakiachana, talaka ataiweka nakala mbili.

Siku hiyo moyo ulimwenda mbio kuliko cherehani za ghorofa ya chini. Meneja alikuwa amempa barua ya kumfukuza mkata vitambaa, na utaratibu wa ofisi ile ni kwamba mchapaji huisoma kwa sauti mbele ya mhusika kabla haijatiwa saini. Akasoma vizuri tu mpaka "kwa kosa la uhalifu", akaishusha karatasi. Mkata vitambaa alisimama mlangoni jasho likimtiririka. Kufukuzwa ni kufukuzwa, lakini mwenye barua yenye neno lile nani atampa kazi tena?

"Bosi, uhalifu upi?"

"Amebeba mabaki ya vitambaa kwenda nayo kwake. Gunia zima."

"Kubeba nimeelewa. Mhalifu ni mtu aliyevunja sheria. Nipe hiyo sheria niichape chini ya neno lako."

"Sheria ya kiwanda, mama. Kila mtu anaijua."

"Mimi siijui, na matangazo yote ya humu nimeyachapa mimi."

Hapo raha ilimpanda mpaka kichwani, maana alishakumbuka. Akafungua kabati, akachomoa faili moja tu. Tangazo la mwaka juzi, saini ya meneja mwenyewe: mabaki yote yaondolewe sakafuni kila Ijumaa, atakayeyaacha atachukuliwa hatua. Alilisoma polepole, hakuruka hata nukta.

Meneja akakuna kidevu. "Yaondolewe, ndiyo. Sikusema yapelekwe nyumbani."

"Wala hukusema yapelekwe wapi. Na huo mto unaoukalia, bosi, ulidhani umeshonwa kwa kitambaa gani?"

Meneja akainuka, akautazama mto. Ulikuwa na maua yale yale ya bluu yaliyokutwa ndani ya gunia. Mkata vitambaa akabanwa na kicheko, akajifanya anakohoa.

"Basi futa hilo neno," meneja akasema.

"Nikishafuta niweke lipi?"

Meneja akapunga mkono. "Ichane tu hiyo barua, mama."

Mama Kopi akaichana vipande vipande mbele yao wote wawili. Nakala yake akaitia kwenye faili.