Pamba Iliyolowa

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na bado nilijikojolea mchana. Usiku niliamka mkavu, jambo ambalo mama hakulielewa. Mchana mkojo ulinitoka nikiandika, nikiteka maji, hata nikicheka. Darasani wenzangu walishazoea kuniachia nafasi kwenye benchi. Mama alinifunga kipande cha kanga ndani ya sketi, akaninyima chai ya asubuhi, basi.

Msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba ndio walikuwa wameanza kufika kijijini kwetu, nje kidogo ya Bariadi. Kabla yao tuliuzia chama cha ushirika tu. Makarani wa wanunuzi hao walilalamika kwamba wakulima wanamwagia pamba maji ili iwe nzito. Baadhi walifanya hivyo kweli. Baba alikuwa mzee wa kanisa na aliwasema watu hao mbele ya waumini.

Siku ya kwenda kuuza, baba aliniingiza kwenye gunia nishindilie. Yeye alimimina, mimi nikakanyaga. Pamba ilipokaribia magoti nilihisi joto likishuka miguuni, halafu ubaridi. Baba aliiona sketi aliponitoa. Hakunigombeza. Alichomoa pamba iliyolowa kwa mikono, akaitupa uani, akajaza nyingine kavu na kulifunga gunia. Alidhani ameimaliza.

Kwenye mizani karani alizamisha mkono ndani ya gunia lile mpaka begani. Akautoa na bonge la pamba yenye unyevu, akalinyanyua ili waliopanga foleni walione.

"Mzee, na wewe unamwagia maji?"

Nilikuwa nimesimama kando ya mkokoteni, nimeshika kamba ya ng'ombe. Baba hakugeuka kunitazama.

"Imelowa," alisema.

"Nimeuliza kama umemwagia maji."

"Ndiyo."

Nyuma yetu mtu alicheka. Karani alikataa magunia yote, hata yaliyokuwa makavu. Tuliyapakia upya, baba na mimi, watu wakitupisha. Nakumbuka kamba ilikuwa na mafundo mengi na nilikuwa nikiyapapasa moja moja. Aibu sikuihisi, wala huruma. Njiani baba aliwasemesha ng'ombe tu. Tulipokaribia nyumbani akaniambia, "Mayu," akiniita mama kwa Kisukuma, "kesho tutaenda hospitali."

Mganga wa hospitali alinibonyeza tumbo, akauliza ninapata choo mara ngapi. Sikuwahi kuulizwa. Alisema choo kigumu kimejaa na kinakibana kibofu. Akanipa dawa, akaagiza ninywe maji ya kutosha na niende chooni kwa saa zilizopangwa, nikisikia haja au nisisikie. Miezi ilipita, sketi zikaanza kubaki kavu, na siku moja mama hakunifunga kile kitambaa.

Pamba ilinunuliwa baadaye na kampuni nyingine. Kanisani baba aliachishwa uzee wa kanisa. Mchungaji alikuja nyumbani kumuuliza, naye akajibu kama alivyomjibu karani. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mama aliacha upande wa wanawake, akaja kukaa naye. Mimi nilikaa katikati yao.