Ukoo Hauna Pingamizi

Kwetu milimani Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mbele ya wageni msemaji wake ni mjomba. Kwa hiyo siku wataalamu walipokuja kuchukua maoni ya wananchi kuhusu bwawa la kupeleka maji mjini, niliitwa kutoka kwangu Bigwa, huko chini mjini, nikaseme kwa niaba ya dada yangu. Yeye analima magimbi na kabichi kwenye bonde ambalo bwawa lingelifunika.

"Waambie hatukatai wenzetu kupata maji," aliniagiza tukiteremka kwenda mkutanoni. "Ila bonde hili likifunikwa, wanangu hawana pengine pa kulima. Watafute lingine."

Nikaitikia. Lakini bomba la kwangu Bigwa hukauka wiki nzima, na mke wangu amechoka kubeba ndoo. Nilikuwa nalitaka lile bwawa kuliko hao wataalamu wenyewe.

Kwenye uwanja wa shule mtaalamu mmoja alieleza habari za samaki, miti na vyura, kisha akauliza ukoo unasemaje. Nikasimama, shati nimechomekea, nimejaa kiherehere. Nikataja maendeleo, nikataja taifa. Ulimi hauna mfupa, nikajisikia nasema, "Ukoo hauna pingamizi, mradi taratibu zifuatwe."

Watu walipiga makofi. Dada hakupiga. Kwetu dada hamuumbui kaka yake mbele ya wageni, na mimi nilikuwa nalijua hilo kabla sijafungua mdomo. Ndilo linaloniuma zaidi.

Njiani kurudi nikajitetea: ni maoni tu, bado watachunguza, huenda lisijengwe. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Wanao ni wa ukoo wa mama yao," alisema. "Hapa hawana shamba la kupoteza, na maji watapata. Wapwa zako je?"

Nilitamani anitukane, walau ningepumua.

"Basi kawaambie mwenyewe," alisema. "Wapo nyumbani, wamekupikia."

Kweli walikuwa wamechinja jogoo. Waliponiona mlangoni wakasimama wote. "Shikamoo, mjomba." Nikajibu marahaba, nikanawishwa mikono, nikakaa. Dada alikaa upande wa pili, hakunitazama. Wapwa zangu wakaniuliza mkutano ulikwendaje. Nikasema ulikwenda vizuri. Firigisi, kama ilivyo heshima ya mjomba, walikuwa wameniwekea mimi. Nikaila.